Nani Anamkopesha Nani Katika Kilo ya Nyama?

Nyama inayoning'inia Burma, soko la Shauri Moyo lililo karibu na Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, imepita mikono mingi kabla ya kufika kwenye ndoano, na itapita mingine kabla mfupa wake haujatupwa. Ipo taaluma inayotaka kujua mikono hiyo ilipata nini na ilipoteza nini: tathmini ya athari za kijamii katika mzunguko wa maisha ya bidhaa. Mwongozo wake mkuu ulitolewa mwaka 2009 chini ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ukaandikwa upya mwaka 2020. Makao makuu ya shirika hilo yako Gigiri, mwendo wa matatu mbili kutoka Shauri Moyo, lakini sijamsikia mtu akiutaja mwongozo huo kwenye foleni ya bucha.

Basi nimewaketisha watu watano kibandani wabishane. Wahusika ni wa kubuni, wanayobishania yapo. MTAFITI ni binti aliyekulia kwenye hizi nyumba za kanjo, na sasa anasomea shahada ya pili chuoni Kabete. BUCHA ana meza Burma. MAMA MATUMBO amepewa jina na biashara yake, na kibanda ni chake. DEREVA huleta mifugo kwa lori kutoka Marsabit na Isiolo. DAKTARI hajawahi kumtibu mtu. Alikuwa mkaguzi wa nyama, na wenye bucha humwita mkaguzi hivyo hata akistaafu.

MTAFITI: Wazee wangu, nachukua kilo moja ya nyama. Naifuata nyuma mpaka malishoni, kisha mbele mpaka jikoni na jalalani. Kila kituo nauliza habari za watu: wafanyakazi, wenyeji wa mahali hapo, wafanyabiashara wenyewe kwa wenyewe, mlaji, na umma kwa jumla. Mwongozo wa 2020 umeongeza watoto. Mwishowe kilo hiyo inapata alama yake.

BUCHA: Kilo yenye mfupa ama isiyo na mfupa?

MTAFITI: Tuseme steki.

BUCHA: Umepotea mapema, binti. Mimi sinunui steki, nanunua ng'ombe. Paja linaenda kwa mwenye hoteli. Mbavu ni za kuchoma. Shingo inamngoja mtu ambaye mwezi umemwishia vibaya. Mifupa nayo ina mnunuzi wake. Ukisema kilo, niambie kilo ya nani.

MAMA MATUMBO: Na kabla hajafika kwako, huyo ng'ombe ameshanilisha mimi. Matumbo, kichwa, miguu, mapafu, vyote vinatoka kichinjioni kwa njia nyingine. Ngozi imeenda kwa watu wa ngozi. Uliza majirani hapa nani alikula nyama wiki hii. Wengi walikula vitu vyangu. Sasa hiyo alama inanihesabu ama hainihesabu?

MTAFITI: Inakuhesabu, Mama, ila kuna ubishi namna ya kukuhesabu. Ng'ombe ni mmoja, bidhaa ni nyingi. Mzigo wote wa nyuma, tuseme ajali za njiani au mtoto aliyeacha shule achunge, lazima ugawanywe kati ya bidhaa hizo. Wengine wanagawa kwa uzito. Wengine wanagawa kwa bei.

BUCHA: Kwa uzito, Mama, umekwisha. Tumbo likiwa na samadi yake ni mzigo wa mwanamume.

MAMA MATUMBO: Na kwa bei?

MTAFITI: Kwa bei unabeba kidogo sana.

MAMA MATUMBO: Yaani maskini akinunua cha bei rahisi na dhambi zake zinapungua? Hiyo imenipendeza.

Walicheka, lakini ubishi huo ni wa kweli na haujaisha miongoni mwa wataalamu. Mimi naelekea upande wa bei, kwa sababu hakuna anayechinja ng'ombe kwa ajili ya matumbo, matumbo yanafuata. Hata hivyo njia hiyo ina shimo, na Mama alilichimbua mwenyewe.

MAMA MATUMBO: Naamka saa tisa usiku. Tumbo la kwanza nalikwangua kwa kisu butu, maana kikali kinatoboa. Lile lenye kurasa ni lazima ulifungue ukurasa mmoja mmoja, uoshe, urudie, maji ni baridi na vidole havisikii tena. Msichana wangu ananisaidia mpaka saa kumi na mbili, ndipo avae sare. Fundi wa steki anakata kwa dakika mbili. Sasa ukinihesabu kwa bei, hiyo kazi umeiweka wapi?

MTAFITI: Inakaribia kupotea. Ndiyo maana zipo hifadhidata zinazotumia saa za kazi. Zinachukua sekta nzima ya mifugo nchini, zinakadiria hatari fulani ni kubwa kiasi gani, kisha zinaipima kwa saa ambazo watu wametumia kutoa bidhaa.

DEREVA: Saa za nani? Mimi nilichunga ngamia nikiwa na miaka minane. Ngamia hana saa ya kuripoti wala ya kutoka.

MTAFITI: Hiyo tungeiandika ajira ya watoto.

DEREVA: Andika. Halafu uandike kwamba nilijifunza kila kisima kutoka Laisamis hadi Maikona, na kwamba bila hiyo nisingekuwa hapa kubishana nawe. Aliyeharibikiwa ni kakangu. Alichunga mpaka akawa mtu mzima, kisha mifugo ikaisha. Kazi ilikuwa moja, watoto wawili.

MTAFITI: Na msichana wa Mama?

MAMA MATUMBO: Huyo usimwandike popote.

Nilidhani binti angebisha. Alifunga daftari kidogo, akalifungua ukurasa mwingine.

DEREVA: Unaanza na malisho na kumaliza na meza, katikati unaruka. Katikati ndiko niliko. Zamani Moyale mpaka Isiolo ilikuwa mawe na vumbi, tunaenda kwa msafara tukiogopa majambazi. Sasa ni lami, ng'ombe wanafika na nguvu. Lakini vijana wa juu bado wako juu.

MTAFITI: Vijana gani?

DEREVA: Hujatazama lori la ng'ombe likipita? Juu kuna vyuma vimelazwa. Wawili watatu wanakaa hapo usiku kucha, na ile baridi ya Timau. Ng'ombe akilala ndani, wenzake watamkanyaga mpaka afe. Basi kijana anashuka kati ya pembe na kwato, anamkunja mkia, anamsukuma mpaka asimame, na mimi naendesha. Hana barua ya kazi wala bima. Akianguka, ripoti itasema alikuwa abiria.

DAKTARI: Hapo mimi nilikuwa naona matokeo tu. Ng'ombe mwenye michubuko namkata sehemu iliyovia damu, naitupa. Kijana mwenye michubuko haletwi kwangu.

MTAFITI: Hilo la usalama kazini limo kwenye orodha yangu.

DAKTARI: Nina moja ambalo sijui utaliweka wapi. Muhuri wangu ulisema nyama hii inafaa kuliwa. Haukusema ng'ombe alikuwa wa nani. Novemba 2012, kule Bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi zaidi ya arobaini waliuawa wakifuata mifugo iliyoibwa. Februari 2023 serikali ikapeleka jeshi katika kaunti sita za Bonde la Ufa kwa ajili ya wizi huo huo. Zamani mifugo ya kuibwa ilikwenda kwenye boma la mwizi na kwenye mahari. Siku hizi mingine inapakiwa lori. Na lori haliendi bomani, linaelekea kwa wanunuzi.

BUCHA: Daktari, unasema kuna damu ya polisi mezani kwangu?

DAKTARI: Nasema muhuri haujui.

BUCHA: Ng'ombe wangu wana kibali cha kusafirishwa. Daktari wa mifugo amesaini, chifu amesaini.

DEREVA: Ndugu yangu, karatasi inafuata lori. Haifuati ng'ombe.

Hapa Bucha alikasirika kwa haki, na nadhani hasira yake ndiyo hoja kuu dhidi ya takwimu za nchi nzima. Ukiipa nyama ya Kenya alama moja ya hatari, ng'ombe aliyelelewa na kuuzwa kwa amani anapata alama sawa na aliyetoka kwenye uvamizi. Watafiti wa fani hii walikubali mapema kwamba mambo ya kijamii hayafanani na moshi. Kuchoma lita moja ya dizeli hutoa gesi ile ile popote, lakini kumchinja ng'ombe hakutoi dhuluma kwa sababu tu ni ng'ombe. Dhuluma inategemea mwenye kazi anavyoendesha mambo yake. Kwa hiyo mtu anayepima ana njia mbili: aende kituo kwa kituo akaulize, au akubali kwamba anapima nchi na haipimi bidhaa. Kwenda kuuliza kuna gharama, na ndiyo maana takwimu za nchi zinapendwa.

Bucha naye hakuwa na jibu kwa ile karatasi.

DAKTARI: Mimi niliwahi kuuona mnyororo huu wote kwa mara moja, bila kitabu. Mwisho wa 2006 mafuriko yalileta mbu, mbu wakaleta homa ya Bonde la Ufa, ikaanzia upande wa Garissa. Mpaka ilipoisha mwaka uliofuata ilikuwa imeua watu zaidi ya 150 nchini. Wengi waliougua walikuwa wamegusa mnyama mgonjwa: mchungaji aliyezalisha, mchinjaji, mama aliyepika. Serikali ikafunga masoko ya mifugo na kuzuia kuchinja kule. Huku Nairobi watu wakakimbilia kuku na samaki.

BUCHA: Burma ilikuwa kimya. Visu vilishika kutu.

DAKTARI: Ndiyo ninayotaka binti ayaone. Aliyeambukizwa alikuwa huko, aliyekosa kazi alikuwa hapa kichinjioni, na mlaji alibadilisha sahani tu. Mzigo haukugawanyika kwa uzito wala kwa bei. Uligawanyika kufuatana na nani ana pa kukimbilia.

Maneno hayo ya Daktari ningeyaweka ukurasa wa kwanza wa mwongozo wowote.

Kuhusu mwisho wa mzunguko walizungumza kidogo, nami nitapita haraka. Mifupa mingine hununuliwa na mafundi wa Kibera wanaoichonga mikufu na vifungo, ajira ambayo mla steki haijui. Mingine huishia Dandora, jalala ambalo lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na bado linapokea. Makaa ya kuchomea nyama yalizua ubishi mfupi: Mtafiti alikumbusha kwamba mwaka 2018 lori la makaa lilichomwa Kitui, wenyeji wakilalamika kwamba miti yao inaisha. Bucha akajibu kwamba jiko la bati lenye udongo ndani, linalopunguza makaa, lilienezwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la Thailand, na mafundi wa jua kali wa hapa Shauri Moyo walikuwa kati ya wa kwanza kulitengeneza. Kwa hiyo, akasema, mtaa umeshalipa fidia. Hesabu hiyo sikuielewa, ila sifa ya mafundi ni ya haki.

Kisha Bucha akataja pesa, na mjadala wote ukageuka.

BUCHA: Mnaniongelea kana kwamba mimi ndiye tajiri wa mnyororo. Ng'ombe aliye mezani leo sijamlipia hata shilingi. Nimemchukua kichinjioni Dagoretti kwa jina langu. Nitalipa nikiuza.

DEREVA: Na huyo wa Dagoretti hajamlipa aliyemletea. Nawabeba wafanyabiashara wa Marsabit, nawajua. Mtu anashusha ng'ombe ishirini, halafu anakaa Eastleigh wiki nzima, wiki mbili, analipa chumba, anapiga simu. "Kesho asubuhi." Kesho inafika, "Njoo Jumatatu." Na kule nyumbani, hao ng'ombe aliwachukua kwa majirani kwa neno la mdomo.

MTAFITI: Kwa hiyo anayengoja mwisho wa foleni ni mfugaji.

DEREVA: Wa kwanza kutoa, wa mwisho kupokea. Yeye akingoja, na karo inangoja, mtoto anarudishwa nyumbani. Unga tu ndio haungoji.

DAKTARI: Na mfanyabiashara mmoja akifilisika hapa katikati, au hundi ikikataliwa benki, deni linarudi mpaka bomani. Hakuna karatasi. Mfugaji atamshtaki nani?

MAMA MATUMBO: Na mimi je, nani alinikopesha matumbo? Hakuna. Matumbo ni pesa mkononi, alfajiri, kabla hujagusa. Lakini wateja wangu, wale wa mikokoteni ya Gikomba, wanakula mchana wanalipa jioni. Wengine wanalipa Jumamosi. Daftari langu hili hapa.

Tazama hiyo picha. Mfugaji anaikopesha Nairobi ng'ombe wake. Mama, aliye ncha ya pili, ananunua kwa pesa taslimu na kuwakopesha vibarua chakula. Waliobaki katikati wanafanya biashara kwa mtaji wa ncha zote mbili. Katika orodha ya Mtafiti kuna ujira, kuna saa, kuna usalama, kuna uhusiano mwema na wauzaji. Swali la "ulilipwa baada ya siku ngapi" linaweza kuminywa humo ndani, lakini halisimami peke yake, na ningependa lisimame. Serikali yenyewe inalijua. Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1950, ilidhoofika miaka mingi huku wafugaji wakilalamika kwamba hawalipwi. Ilipohamishiwa Wizara ya Ulinzi Septemba 2020, moja ya ahadi kubwa ilikuwa kumlipa mfugaji ndani ya saa 72.

Kusubiri huko kukikutana na ukame kunaua mali. Kati ya 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha kaskazini, na mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa. Mfugaji aliyeuza mapema, kama wataalamu walivyomshauri, kisha akangoja pesa wiki sita, hakuwa na ng'ombe aliowauza wala pesa za kuwanunulia nyasi waliobaki. Kwenye takwimu anahesabiwa kuwa aliuza. Soko lilifanya kazi.

BUCHA: Sasa msinitundike. Mkisema kila mtu alipe papo hapo, nusu ya meza za Burma zitafungwa kesho. Halafu huyo mfugaji atamwuzia nani? Mwenye kichinjio mmoja mkubwa, kwa bei yake.

DAKTARI: Hilo ni kweli.

MTAFITI: Lakini M-Pesa ipo tangu 2007. Pesa kutoka hapa hadi Merille, kule Marsabit, ni sekunde. Kinachochelewa si pesa.

BUCHA: Nini basi?

MTAFITI: Ni uamuzi wa nani alipwe kwanza. Ukiuza leo, wa kwanza kumlipa ni nani?

BUCHA: Kanjo. Halafu mwenye stoo ya barafu. Halafu vijana wangu, kwa sababu wana visu.

Walicheka, na kicheko hicho kilimpa nafasi ya kupumua, lakini jibu lake lilikuwa sahihi kuliko alivyokusudia. Analipwa kwanza anayeweza kukufungia kazi kesho asubuhi. Mfugaji wa Merille hawezi. Mkopo wenyewe si uovu. Bila imani hiyo biashara ya mifugo ya kaskazini isingekuwepo kabisa, na watu waliijenga kwa miongo mingi pasipo benki kuwatazama. Kasoro yake ni kwamba unaelekea upande mmoja, hauna tarehe, na anayeutoa hajui ameutoa kwa bei gani. Nikiambiwa nichague swali moja la kumpa Mtafiti akaliulize kila kituo, litakuwa siku za kungoja malipo. Ni rahisi kuulizwa, halihitaji mtu akiri kosa, na jibu linaweza kukaguliwa kwenye simu ya mtu.

MTAFITI: Nitaanzia kwako, Mzee. Unawalipa Dagoretti baada ya siku ngapi?

BUCHA: Wewe umesema unafuata nyama mbele na nyuma. Mbona swali linaenda nyuma tu?

MTAFITI: Mbele ni mlaji. Mlaji analipa akinunua.

BUCHA: Mlaji yupi? Huyu wa nusu kilo analipa. Wa robo analipa. Paja nililokwambia linaenda kwa mwenye hoteli, na shule moja inachukua ng'ombe mzima kila wiki. Unajua hao wanalipa lini? Mwenye hoteli ananiambia mfumo wake ni siku sitini. Shule inangoja serikali. Wewe unamtafuta aliyemchelewesha mfugaji kwa watu wenye meza za mbao.

DEREVA: Hiyo hukuwahi kuniambia.

BUCHA: Hukuwahi kuuliza. Unaniletea ng'ombe na matusi tu.

MAMA MATUMBO: Kumbe anayekula vizuri ndiye anayelipa mwisho.

BUCHA: Mama, hilo wewe unaliona leo?

Mtafiti alikuwa ameacha kuandika. Aliuliza kama madeni hayo yameandikwa mahali. Bucha akatoa daftari la shule lenye madoa ya mafuta: tarehe upande wa kushoto, majina katikati, pesa kulia, na mistari michache sana iliyokatwa kwa kalamu nyekundu.

MTAFITI: Naweza kupiga picha?

DAKTARI: Mwachie, bwana. Ushahidi ndio huo.

BUCHA: Piga tarehe na pesa. Majina nitafunika kwa mkono, maana hao ndio wateja wangu wa kesho.